MariaDB haiwaki baada ya kupandisha Ubuntu 20.04 kwenda 22.04, seva ya depo ya dawa Bukavu

#1 Fundi_Nguba
Wakuu, habari za jioni. Hali huku si nzuri.

Kuna seva ya depo moja ya dawa hapa Bukavu. Ilikuwa Ubuntu 20.04 na MariaDB 10.3, programu ya hifadhidata. Stoku, mauzo, madeni ya wateja, vyote vimo humo. Kijana aliyekuwa akiwahudumia akaipandisha hadi 22.04, na MariaDB ikapanda nayo hadi 10.6. Katikati ya kazi umeme ukakatika, ondileri (betri ya kushikilia umeme) ikalia kidogo ikanyamaza. Uliporudi akamalizia kwa `dpkg --configure -a`, mashine ikawaka, mtandao upo, kila kitu kipo isipokuwa hifadhidata. Mimi nimeitwa baada ya hapo. Kijana mwenyewe simu yake haipatikani.

Data haikai mahali pake pa kawaida, iko /data/mysql kwenye diski ya pili. Nikiamuru `systemctl start mariadb` inajivuta kidogo kisha inakataa. error.log haina mstari mpya tangu siku ya sasisho. Wauzaji wanaandika kwa kalamu, na bosi amevuta kiti akakaa nyuma yangu. Bakapu ya karibuni ni ya mwezi uliopita.

Nianzie wapi?

#2 Kaka_Terminal
Umeleta kila kitu isipokuwa logi. Kwenye 22.04 error.log kuwa tupu si ajabu: pakiti mpya za MariaDB zinapeleka ujumbe wake kwenye jonali ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux), na mstari wa log_error umewekewa alama ya reli (#), yaani umezimwa. Toa hii:

`journalctl -u mariadb -b --no-pager`

Na usitegemee `systemctl status`. Ile hukuonyesha mistari kumi ya mwisho tu, na kosa lenyewe huwa limeshapita juu.

#3 MwanaKadutu
Mimi minaona ni AppArmor tu, ule mulinzi wa Linux wa kukatazaka programu kugusa mafaili. Ile mambo ilishanifikiaka ku seva ya masomo fulani kule Ibanda: data ilikuwa imehamishwa ku diski ingine, sasisho ikaja, ikafuta ile mistari tulikuwa tumeongeza, njo seva ikakatazwa kusoma data yake yenyewe. Fanya `dmesg | grep DENIED`, utaona.

#4 MtotoWaIlala
Salaam toka Dar. Fungua my.cnf utafute query_cache_size. Mimi ilinitoa jasho: toleo jipya halikijui tena kipengele hicho, likikuta mstari usiojulikana linajizima. Futa mstari, washa, nenda kanywe chai.

#5 Kaka_Terminal
@MtotoWaIlala hiyo ni MySQL. Ni MySQL 8.0 ndiyo iliyoondoa query cache. MariaDB bado inayo hadi leo, imezimwa tu kwa kawaida. Tusimfutishe mtu mistari ya bure.

#6 MtotoWaIlala
Sawa mwalimu. Chai lakini anywe.

#7 Mzee_wa_Konsoli
Kabla ya nadharia: `df -h` na `df -i`. Kupandisha toleo zima kunashusha pakiti nyingi sana kwenye /var/cache/apt/archives, na kama /var imejaa, hakuna hifadhidata itakayowaka, iwe ya Oracle au ya babu yangu. Nusu ya "kuharibika kwa seva" nilizoitiwa maishani ni diski kujaa. `apt clean` haidhuru mtu.

Ila mafaili ya binlog (kumbukumbu ya mabadiliko ya hifadhidata) usiyafute kwa `rm`. Seva ikiwaka tumia PURGE BINARY LOGS.

#8 Fundi_Nguba
Aksanti wote. @Mzee_wa_Konsoli nafasi ipo: /var imetumika chini ya nusu, /data vilevile, na inode (nafasi za kuorodhesha mafaili) zipo tele.

Jonali hii hapa, nimekata sehemu muhimu. Nikiwasha kwa mkono:

```
[ERROR] InnoDB: Upgrade after a crash is not supported. The redo log was created with MariaDB 10.3.39.
[ERROR] InnoDB: Plugin initialization aborted with error Generic error
[ERROR] Unknown/unsupported storage engine: InnoDB
[ERROR] Aborting
```

Lakini mashine ikijiwasha yenyewe, kabla sijagusa kitu, jonali inasema mengine kabisa: kwamba imeshindwa kuunda faili la majaribio ndani ya /data/mysql, na chini yake kuna errno 13. Sasa ni magonjwa mawili au ni moja?

#9 MwanaKadutu
Errno 13! Si niliwaambia? Ruhusa imekataliwa. AppArmor.

#10 Mama_Seva
Fundi_Nguba, kwanza toa mikono kwenye kibodi. Usiwashe tena wala usifute faili lolote. Zima huduma, kisha nakili /data/mysql yote kwenye diski nyingine kwa `cp -a` au `rsync -a`. Si `cp -r`, hiyo itakupotezea wenye mafaili. Kila unachokusudia kujaribu, jaribia kwenye nakala.

Sasa huo ujumbe wa kwanza. InnoDB, injini ya MariaDB inayotunza majedwali, haiandiki badiliko moja kwa moja kwenye jedwali. Inaliandika kwanza kwenye ib_logfile0, ndiyo logi ya redo, kisha inalipeleka mahali pake taratibu. Ukizima vizuri, inamaliza deni lote ndipo inalala. Umeme ukikatika, deni linabaki kwenye logi, na ikiwaka tena inalilipa. Hilo ni jambo la kila siku, na wewe wa Bukavu unalijua kuliko mimi. Taabu ni kwamba muundo wa logi hiyo ulibadilika tangu 10.5. MariaDB 10.6 ikikuta logi ya zamani iliyozimwa safi, inaikubali. Ikikuta logi ya zamani yenye deni, haiwezi kulisoma, na inakataa badala ya kubahatisha. Inafanya vizuri kukataa.

Dawa ni kurudi kwa 10.3 yenyewe ije ilipe deni lake. Kwenye hazina za 22.04 haimo tena. Ama utafute mashine yenye 20.04, ama Docker, inayoendesha programu ndani ya boksi lake pekee:

`docker run --rm -v /mnt/nakala/mysql:/var/lib/mysql mariadb:10.3`

Ikishawaka toa mysqldump (nakala ya data yote kwa maandishi) kwanza, kabla ya yote. Kisha `SET GLOBAL innodb_fast_shutdown=0`, zima kwa utaratibu, ndipo 10.6 iguse.

#11 Haraka_Haraka
Mbona mnazunguka. Futa ib_logfile0 na ib_logfile1, seva itaunda mpya, imekwisha. Nimefanya mara nyingi.

#12 Mama_Seva
Na mara hizo nyingi ulihakiki data baadaye, au uliona tu taa ya kijani? Ukifuta logi yenye deni umefuta mauzo ambayo hayajafika kwenye jedwali. Zaidi ya hapo kurasa nyingine zimeandikwa nusu. Seva inaweza kuwaka, ikauza dawa mwezi mzima, halafu siku moja logi inajaa malalamiko kuwa namba za mfuatano ziko mbele ya wakati. Hapo huna logi, huna bakapu, na fundi hapatikani kwenye simu.

#13 MtotoWaIlala
Shikamoo mama.

#14 Mama_Seva
Marahaba mwanangu.

#15 Kaka_Terminal
Nakubaliana na tiba ya #10, ila kuna jambo halinikai. Pakiti za Debian na Ubuntu husimamisha huduma kabla ya kubadilisha programu. Kama 10.3 ilisimamishwa safi, logi haikuwa na deni wakati umeme unakatika. Kwa nini basi 10.6 inaona deni?

Naona njia mbili. Moja: umeme ulikatika mapema, 10.3 ikiwa bado inafanya kazi, kisha `dpkg --configure -a` ikaweka 10.6 bila 10.3 kupata nafasi ya kuwaka tena. Mbili: 10.3 iliambiwa isimame ikachelewa, systemd ikachoka kungoja ikaiua. Hiyo ya pili haihitaji umeme kukatika hata kidogo. Jonali ya siku ile ipo? `journalctl --list-boots` uone kama uwashaji wa zamani umehifadhiwa.

#16 Katangais_243
Habari toka Lubumbashi. Mimi nina swali la pembeni: ninyi wa Bukavu mna mto Ruzizi na mitambo yake ya umeme mlangoni, umeme unakatikaje tena?

#17 Fundi_Nguba
@Katangais_243 mlangoni ndiyo, lakini mlango una watu wengi. Ruzizi ya pili tunagawana na Rwanda na Burundi, na mji umekua kuliko mitambo. Na ninyi je, si mlivutiwa waya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi? Unapita juu ya vijiji vinavyowasha koroboi.

#18 Katangais_243
Hapo umenigusa. Waya unafika, migodi inakula kwanza, sisi wa mitaani tunalamba sahani. Mvua za mwezi wa kumi na mbili ndiyo usiseme, radi moja na kata nzima kimya. Mimi nilishaacha kusasisha seva yoyote kabla sijaona betri imejaa.

#19 Mzee_wa_Konsoli
Turudi kwenye mada jamani. @MwanaKadutu AppArmor sikubaliani nawe, na sababu si ubishi. MySQL ya Ubuntu ndiyo yenye wasifu mkali (orodha ya ruhusa) wa AppArmor. Wa MariaDB wameuacha tupu makusudi, ukifungua faili lenyewe ndani ya /etc/apparmor.d wameandika hivyo.

#20 MwanaKadutu
Muzee na heshima yote, kama zamani ku ile mashine kulikuwaka MySQL, wasifu wake unaweza kubakia ndani ya keneli hata kama MariaDB ilikuja kisha. Hiyo nilishaionaka na macho. Afanye `aa-status`, haiombi pesa.

#21 Kaka_Terminal
Inawezekana kwa matoleo ya zamani. Lakini tangu 10.5 programu yenyewe ni /usr/sbin/mariadbd, mysqld imebaki kiungo tu. Wasifu wa zamani unaoitaja /usr/sbin/mysqld hautaishika. Aangalie tu, kweli haiombi pesa, ila mimi siweki dau langu hapo.

#22 TemboPostgre
Nimesoma uzi wote nikicheka kimya. Hameni mje kwenye hifadhidata ya Postgres.

#23 Kaka_Terminal
@TemboPostgre Postgres nayo ukipandisha 20.04 kwenda 22.04 unatoka 12 kwenda 14, na 14 haisomi saraka ya data ya 12. Unabaki na klasta mbili, ya zamani bandari 5432, mpya tupu 5433, na mtu anakupigia simu usiku kwamba "data imepotea". Kicheko hicho kihifadhi.

#24 TemboPostgre
Ndiyo maana kuna `pg_lsclusters` na `pg_upgradecluster`. Haipotei kitu. Kinachouma kweli upande wetu hakizuii seva kuwaka: ni glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Toleo 2.28 la 2018 lilibadilisha mpangilio wa herufi, kwa hiyo waliotoka Debian 9 kwenda 10 faharasa zao za maandishi zikapinda bila sauti. Seva inawaka, taa za kijani, ukitafuta jina la mgonjwa unaambiwa hayupo na yupo. Bila REINDEX (kujenga faharasa upya) utamlaumu karani bure. Afadhali kosa linalopiga kelele kama la mleta mada.

#25 Mzee_wa_Konsoli
Hilo la glibc ni kweli tupu. Ila si la leo.

Fundi_Nguba, kuhusu errno 13 wakati wa kuwaka. Tupe mstari wa /data kutoka /etc/fstab (orodha ya diski za kupandishwa), na `ls -ln` ya /data ukiwa umeshusha ile diski, kisha ukiwa umeipandisha.

#26 Fundi_Nguba
Umeme umerudi, nami nimerudi. Nakala nimeshaitoa kwa rsync kama mama alivyoagiza, bosi amekubali kununua diski ya nje baada ya kupiga hesabu za mwezi.

fstab:

`UUID=(nimeificha) /data ext4 defaults,nofail 0 2`

Diski ikiwa imeshushwa, /data/mysql bado ipo, tupu, na mwenyewe ni root. Ikipandishwa, mwenyewe ni mysql. aa-status: hakuna mysqld wala mariadbd kwenye orodha. @MwanaKadutu pole.

#27 Mzee_wa_Konsoli
Basi mimi nimeshaona. Ni hiyo `nofail`. Ukiiweka, systemd haingoji diski hiyo ndipo iendelee. MariaDB inawahi, inakuta saraka tupu ya root kwenye diski ya kwanza, inajaribu kuandika, inakatazwa, inakufa. Sekunde chache baadaye diski inapanda, wewe unakuja unawasha kwa mkono, unakuta data halisi na lile kosa la redo. Magonjwa mawili, mgonjwa mmoja.

`systemctl edit mariadb`, kisha:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/data
```

#28 Katangais_243
Lakini kabla ya sasisho ilikuwa ikiwaka vizuri na fstab hiyohiyo. Kwa nini ianze leo?

#29 Mzee_wa_Konsoli
Labda aliyehamisha data alihariri /lib/systemd/system/mariadb.service moja kwa moja. Sasisho likija linaliandika upya faili lile, marekebisho yake yanayeyuka. Yale ya /etc/systemd/system hayaguswi, ndiyo maana ya `systemctl edit`.

#30 Kaka_Terminal
Au hakuhariri chochote, na 20.04 ilikuwa na bahati tu: diski ilikuwa ikiwahi kwa sekunde moja. Keneli mpya, mpangilio mpya wa kuwaka, bahati imekwisha. Huwezi kuthibitisha bila faili la zamani.

#31 MwanaKadutu
Na ProtectHome je? Ama ile ProtectSystem? Byote bikatazaka seva kuandika.

#32 Mama_Seva
ProtectHome inafunga /home, /root na /run/user. ProtectSystem=full inafunga /usr, /boot na /etc. /data haimo. Ingekuwa waliweka data ndani ya /home ningekuunga mkono, maana hiyo imewaangusha wengi.

Fundi, ile 10.3 umeiwasha kwenye nakala?

#33 Fundi_Nguba
Ninashusha picha ya Docker sasa. Kwa mega zangu mwenyewe. Nimesogea karibu na dirisha, simu ikashika mtandao wa ng'ambo ya Ruzizi, karibu nilie. Nimerudi ndani.

#34 MtotoWaIlala
Hahaha, rominji ya Rwanda kulipia seva ya Kongo. Mwandikie bosi risiti.

#35 Haraka_Haraka
Mngefuta tu zile logi, saa hizi angekuwa kitandani. Kama mnaogopa, weka innodb_force_recovery=6.

#36 Kaka_Terminal
Kuanzia 4 kwenda juu unaweza kuharibu data moja kwa moja, na 6 maana yake ni kuiambia InnoDB isiiangalie redo kabisa, yaani kufuta kwa jina jingine. Hiyo ni ya mtu ambaye hana njia nyingine, kwenye nakala, ili atoe dump na kuondoka.

#37 Fundi_Nguba
IMEWAKA. 10.3 ndani ya Docker, kwenye nakala. Ilisema inarejesha baada ya ajali, ikakaa kimya muda uliotosha kunitoa jasho, kisha ikawa tayari kupokea wateja. Mysqldump imetoka bila kosa. Nimefungua jedwali la mauzo: rekodi ya mwisho ni ya saa sita na dakika arobaini mchana siku ile ya sasisho. Karani anasema umeme ulikatika saa nane.

#38 Kaka_Terminal
Subiri. Kama alianza kupandisha mfumo saa saba kasoro na umeme ukakatika saa nane, mauzo yalisimama kabla ya umeme. Hiyo inaegemea njia yangu ya pili: 10.3 haikuuawa na umeme, iliuawa ikisimamishwa.

#39 Mama_Seva
Au waliambiwa waache kuuza wakati wa kazi, 10.3 ikabaki ikizunguka tupu hadi saa nane. Hata bila mauzo InnoDB ina kazi zake za nyuma. Saa ya mauzo ya mwisho haikuambii saa ya kifo.

La muhimu zaidi: picha ile ya Docker ikiwaka hubadilisha mwenye mafaili kuwa mtumiaji wake wa ndani, namba 999. Ukirudisha saraka hiyo kwenye /data, errno 13 itakurudia kwa sababu nyingine kabisa. `chown -R mysql:mysql` kwanza.

#40 MwanaKadutu
Unaona? Ruhusa. Tangu #3 nasema ruhusa.

#41 Mzee_wa_Konsoli
Tangu #3 ulisema AppArmor, mwanangu.

#42 Fundi_Nguba
Nimezima 10.3 kwa utaratibu, nimerudisha, chown nimefanya, 10.6 imewaka kwa mkono na mariadb-upgrade imepita. Wauzaji wameanza kuingiza yale ya kwenye daftari.

Lakini @Mzee_wa_Konsoli nimeweka RequiresMountsFor kama ulivyosema, nikawasha upya mashine: mara ya kwanza ikawaka yenyewe, mara ya pili ikagoma tena kwa errno 13 ileile. Kwa mkono inawaka bila neno.

#43 Mzee_wa_Konsoli
Haiwezekani. Ulifanya `daemon-reload`?

#44 Kaka_Terminal
`systemctl edit` inafanya reload yenyewe. Toa `systemctl cat mariadb` tuone kama mstari umeingia chini ya [Unit], au umeangukia kwenye ile sehemu ya maelezo ambayo mhariri huitupa. Na `journalctl -b -u data.mount` ya ile mara iliyogoma. Mimi nashuku diski yenyewe, kebo au umeme wake, inachelewa kuamka.

#45 Katangais_243
Na mimi nasema ondileri. Iliyolia ikafa siku ile si ndiyo hiyohiyo bado iko pale?

#46 Fundi_Nguba
Ndiyo hiyohiyo. Logi nitazileta kesho asubuhi, wanafunga depo sasa na mlinzi ananitazama.

#47 MtotoWaIlala
Wamekulipa lakini? Dola au franka?

#48 Fundi_Nguba
Wamesema kesho.